Pikipiki ya mbio inakimbia kweli namna gani?

Vijana wetu wa pikipiki hapa Kalemie hupenda kubishana: kati ya pikipiki kubwa za safari ndefu, ni ipi inayozishinda zingine kwa mbio?

Ndugu wasikilizaji, Wajapani walishindana sana juu ya jambo hilo. Mwaka 1990 Kawasaki ilitoa ZZ-R1100, iliyofika karibu kilomita 280 kwa saa. Mwaka 1996 Honda ikaipita kidogo kwa CBR1100XX. Mwaka 1999 Suzuki ikatoa Hayabusa, jina la ndege mwindaji, nayo ikavuka 300. Hapo Ulaya wakaanza kusema mbio hizo zikatazwe kwa sheria. Viwanda vikatangulia vyenyewe: kufikia 2001 vilikuwa vimeifunga namba hiyo kwenye 299. Injini haikuchoka, ni watu walioogopa.

Adui mkubwa wa mbio ni upepo. Ukitaka kwenda mara mbili zaidi, unahitaji nguvu karibu mara nane ili kuushinda. Ndiyo maana Hayabusa ile ya 1999 ilikuwa na nguvu za farasi karibu 175, na pikipiki yetu ya 125 ina kama 10 tu.

Lakini mvua ikinyesha, kwenye matope, hizo 175 hazisaidii kitu. Mama mjamzito anayetolewa kambini usiku hapimi kilomita kwa saa. Anapima kama atafika hospitali kabla ya mtoto. Kwetu, mbio za kweli zinaanzia barabarani.