Kopo la chakula cha shule: tuweke nini pamoja na muhogo?

Mtoto akitoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 10 jioni, chakula cha mchana ndicho kinachoamua kama vipindi vya mwisho atasikiliza au atasinzia. Zipo shule ambako wazazi huchanga mahindi na maharage, makande yakapikwa hapohapo. Zipo pia ambako mpango huo haujaanza, au ulianza ukakatika akiba ilipoisha kabla ya mavuno. Huko mtoto hubeba kopo, au hupewa sarafu ya kununulia barafu na ubuyu wa rangi getini.

Wasikilizaji hutuuliza waweke nini ndani ya kopo hilo wakati nyumbani hakuna nyama wala mayai. Tuseme mapema kwamba nyama kukosekana si jambo la kuona aibu. Tena nyama, samaki na maziwa huharibika upesi vikikaa kwenye begi juani. Kinachotupa wasiwasi ni kopo la muhogo mtupu au viazi vitupu. Tumbo linajaa, lakini mwili unaokua unakosa cha kujengea. Gramu 100 za muhogo zina protini ya gramu moja na kitu tu. Gramu 100 za karanga zina takribani gramu 25. Kwa hiyo ngumi moja ya karanga pembeni ya muhogo inabadilisha kabisa mlo huo, na karanga hizo mara nyingi zimo ndani ya gunia hapo nyumbani.

Muhogo, kiazi, ndizi au chapati vibaki, maana ndivyo vinavyotia nguvu. Pembeni yake kiwepo kitu cha jamii ya kunde: maharage, choroko, mbaazi, njugu mawe au karanga. Kisha tunda. Mahindi na maharage yakiwa pamoja hukamilishana, kila kimoja kikiongeza protini ambayo mwenzake anayo kidogo, ndiyo maana makande ni chakula kizuri kuliko sifa tunayoyapa.

Bagia za kunde

Ukituuliza chakula kimoja tunachokipenda kwa kopo la mtoto, tutataja bagia za kunde. Haina mchuzi wa kumwagika kwenye daftari, inaliwa ikiwa imepoa, na mtoto haoni haya kuitoa mbele ya wenzake.

Kikombe kimoja cha kunde kavu kinatosha watoto wawili. Loweka mchana. Jioni fikicha kwa viganja mpaka maganda yatoke, yamwage na maji yake, kisha acha kunde kwenye maji safi mahali penye ubaridi. Alfajiri chuja, twanga kwenye kinu au saga mpaka ziwe laini, ukitia maji kidogo sana. Halafu piga rojo kwa mwiko kwa dakika kadhaa ili liingie hewa. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji: likielea, liko tayari, likizama, endelea kupiga. Chumvi na kitunguu vitiwe mwishoni, mafuta yakiwa tayari motoni, kwa sababu vikikaa humo vinatoa maji na rojo linalegea. Hapo pia ndipo pa kutia karoti iliyokunwa, au mchicha uliokatwa mdogo kabisa. Mtoto anayekataa mboga iliyolala na kuwa nyeusi ndani ya kopo hataitambua humu.

Siku ambayo mafuta hayapo, chemsha viazi vitamu, kata vipande vya kushika kwa vidole, na upake karanga zilizosagwa. Viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kama aina za Kabode na Mataya, vina vitamini A ambayo viazi vyeupe karibu havina, na mafuta ya karanga husaidia mwili kuipokea. Chapati iliyoviringishwa ikiwa na maharage mazito ndani nayo inafaa. Ugali hatuupendekezi. Ukipoa unakuwa mgumu, na bila mchuzi mtoto ataurudisha nyumbani kama ulivyotoka.

Tunda lina kazi yake

Maharage na kunde vina madini ya chuma yanayozuia upungufu wa damu, lakini chuma cha kwenye mimea mwili hukipokea kwa shida. Vitamini C ndiyo inayofungua mlango. Chungwa, embe au pera likiliwa pamoja na chakula hicho linatosha, na pera linalookotwa bure chini ya mti lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Chai hufanya kinyume chake, inazuia chuma. Chupa ya begi iwe na maji safi na salama, chai abaki nayo mtu mzima.

Kabla hujafunga kopo

Chakula cha jana kisiingie kwenye kopo kikiwa baridi. Kichemshwe tena alfajiri mpaka kitokote vizuri, kisha kiwekwe kwenye kopo kavu lililooshwa kwa sabuni. Maharage yaliyoungwa kwa nazi huchacha haraka, hayo yaliwe nyumbani. Na yapikwe mpaka yalainike kabisa. Maharage yasiyoiva hutapisha.

Karanga zichaguliwe moja moja. Zilizosinyaa, zilizoota ukungu au zenye ladha chungu zinaweza kuwa na sumukuvu, sumu ambayo kukaanga wala kuchemsha hakuiondoi. Sumu hiyo si hadithi: mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yaliyoathirika. Ulizozitoa usiwape kuku, zifukie. Kwa wadogo wa awali karanga zisagwe, kwa sababu nzima zinaweza kuwapalia.

Muhogo uwe ule mtamu, na uive. Muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa ipasavyo una sumu, na unaweza hata kupoozesha miguu ya mtoto anayeutegemea kila siku.

Kwa familia zisizokula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, iwe kwa imani au kwa uamuzi, lipo jambo moja ambalo kunde hazilitatui. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Mtoto anayekunywa maziwa nyumbani au kula dagaa jioni anaipata huko. Asiyekula kabisa vitu hivyo apelekwe kituo cha afya, mzazi aulize kuhusu vidonge au chakula kilichoongezwa virutubishi.

Jioni fungua kopo uone kilichobaki. Usianze kwa kugomba. Muulize kama kilikuwa kikavu, kilikuwa kingi, au wenzake walikicheka. Kicheko kinarudisha chakula nyumbani mara nyingi kuliko ladha, na mtoto aliyechekwa kwa muhogo hatasema mpaka aulizwe. Kesho yake mwache achague mwenyewe kati ya vitu viwili ulivyonavyo, na amenye karanga zake usiku kabla hajalala.