Usiku wa Kipushi Haukujengwa na Kampuni

Mwaka 2024 mgodi wa Kipushi ulitimiza miaka 100 tangu uanze kuchimbwa, na mwaka huohuo ukarudi kutoa zinki baada ya kulala tangu 1993. Habari zilizoenea zilikuwa za tani, za kina cha shimo, na za hisa za Ivanhoe Mines ya Kanada na Gécamines ya serikali. Za jioni za mji hazikusikika. Lakini mji ukipata kazi hupata wageni, na mgeni akishafika Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, pale mpakani na Zambia, jua likizama haulizi kiwango cha zinki kwenye mwamba. Huuliza watu wa hapa hukaa wapi, hunywa nini, husikiliza muziki gani, na yeye atarudije alikolala. Mgeni wa Bangkok hupata vitabu vizima vya kumjibu. Huku kwetu huonyeshwa baa iliyo karibu, na maelezo yakaishia hapo, kana kwamba baa hiyo iliota yenyewe kama uyoga. Mimi nashikilia kwamba usiku wa miji ya shaba una historia, nayo ni historia ya watu waliougombania. Starehe hiyo haikuwa zawadi ya kampuni wala ya misheni. Wachimbaji, wapishi, makarani na wake zao waliitengeneza wenyewe wakati sheria ikiwataka walale. Asiyelijua hilo hawezi kumwongoza mgeni vizuri, na hawezi kuona ni kitu gani kinapotea mbele ya macho yake.

Tuanze na sheria yenyewe. Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikapata njia ya kuingiza mashine na kutoa shaba. Mji ukagawanywa: Wazungu upande wao, Waafrika upande wao, na katikati ardhi tupu isiyojengwa. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kupita katika mitaa ya Wazungu bila karatasi. Pombe kali ya dukani ilikuwa haramu kwake. Kwenye kambi za wafanyakazi, na Kipushi ilikuwa na yake kwa ajili ya mgodi ulioitwa Prince Léopold, mkuu wa kambi alisimamia nyumba, chakula na hata nani alale wapi. Juu ya hofu ya askari kulikuwa na hofu nyingine, ya batumbula, watu waliosemekana kutumwa na Wazungu kuwanyakua Waafrika gizani ili waliwe. Habari zao zimo katika historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Mwanahistoria Luise White ametuonya tusizipuuze simulizi za namna hii, kwani ndani yake watu walieleza walivyoielewa kazi, mshahara na nguvu ya mtu juu ya mwili wa mwenzake. Nami naongeza jambo moja: pamoja na karatasi, askari na batumbula, watu bado walitoka usiku kwenda kucheza. Kitu ambacho mtu anakifuata kwa gharama hiyo hakiwezi kuitwa upuuzi.

Waliendea nini? Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa wa habari hii, ugomvi wa mbeni. Terence Ranger, aliyeifuatilia ngoma hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975, anaonyesha kwamba beni ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ambako makundi yalishindana kwa bendi, gwaride na mavazi. Vita Kuu ya Kwanza ikaibeba hadi bara kwa miguu ya askari na wapagazi. Miaka ya 1920 ilikuwa tayari imetia mizizi katika miji ya shaba, na Wakatanga wakaiita mbeni. Wachezaji walijipanga kwa vyeo vya kijeshi na vya kiserikali, wakavaa nguo safi zilizopigwa pasi, wakapita kwa mistari iliyonyooka. Mtazamaji wa Kizungu aliona Waafrika wanaomwiga. Ranger aliona zaidi ya hapo, na mimi namfuata: chini ya sare kulikuwa na chama. Chama kilichanga fedha, kilimpokea mgeni aliyeshuka kwenye treni bila ndugu, kilimzika aliyekufa mbali na kwao. Mtu aliyeitwa boi mchana kutwa, jioni alikuwa na cheo, na cheo hicho alipewa na wenzake.

Kwa hiyo wakubwa hawakutulia. Serikali ilishuku kwamba watu wanaojua kupanga mistari na kutii viongozi wao wenyewe wanaweza siku moja kupanga mambo mengine. Kampuni ilipenda ngoma ya Jumapili kwa kuwa humrudisha mtu kazini Jumatatu akiwa na moyo mwepesi, ila iliogopa mfuko wa chama, maana wenye mfuko wao wanaweza kustahimili siku bila posho. Misheni ndiyo iliyopinga kwa sauti kubwa zaidi. Wabenedikto, chini ya Jean-Félix de Hemptinne aliyeliongoza Kanisa la Katanga tangu 1910 hadi alipofariki mwaka 1958, walitaka jioni za Wakristo ziwe chini ya macho ya padri. Mbeni kwao ilikuwa ulevi, wanawake wasioolewa, na shule ya kiburi. Hawakuishia kukemea. Walileta kwaya, skauti na mpira. Mwaka 1939 wakaanzisha timu ya vijana iliyoitwa Saint-Georges, na mwaka huohuo watu wa reli wakapata yao, Saint-Éloi Lupopo. Mashindano ya mbeni yalipozidi kubanwa, mashindano ya mpira yalikuwa yamefunguliwa mlango.

Mtu anaweza kusema kwamba basi misheni ilishinda, na kwamba starehe tulizo nazo leo ni matunda yake. Nakubali nusu ya kwanza kidogo, nusu ya pili siikubali. Saint-Georges ilibadilika jina mara kadhaa, ikawa Englebert, kisha Mazembe, na imechukua ubingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Lakini angalia kinachoizunguka siku ya mechi: ngoma, matarumbeta, sare, viongozi wa mashabiki, makundi mawili ya mji yanayotaniana hadi usiku wa manane. Padri alileta mpira na sheria zake. Namna ya kuushangilia mpira huo haikutoka kwake, na sura yake naiona kwenye mbeni. Uwanja wenyewe unabeba kumbukumbu nzito kuliko mabao. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na wagomaji waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville wakapigwa risasi na askari. Sidai kwamba mbeni ilizaa mgomo. Nasema tu kwamba watu waliokusanyika siku ile walikuwa wamejifunza kukusanyika kwa miaka mingi, na somo hilo walilipata jioni, baada ya saa za kampuni.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha gitaa lilichukua nafasi ya gwaride. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo. Kijana huyo mwenye asili ya Bunkeya alikuwa akidonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada hivi kwamba msikilizaji hudhani wapigaji ni wawili. Kibao chake Masanga kilisambaa kwa santuri hadi Nairobi na Johannesburg. Édouard Masengo naye akafika Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wakabadili mikono yao kwa kuwasikiliza hawa wawili. Huku nyumbani, komini ya Élisabethville iitwayo Kenya ilikuwa na kundi lake la vichekesho, nyimbo na michezo, Jeunes Comiques de la Kenya, lililojulikana zaidi kama Jecoke. Kutoka katika mazingira hayohayo ikakua tamthilia ya redioni ya kundi la Mufwankolo, iliyochezwa kwa Kiswahili cha mji, Kiswahili kilekile ambacho wasomi walikiona kibovu. Hakuna hata kimoja kati ya vibao na vichekesho hivi kilichoagizwa kutoka Ulaya kwa meli.

Hapa pana pingamizi zito, na halifai kupitwa haraka. Wazee wengi wa Gécamines watasema kampuni iliwapa kila kitu: ukumbi wa cercle wa kunywea na kuchezea, sinema ya wazi, uwanja, bendi ya tarumbeta, hata bwawa la kuogelea kwa wakubwa. Ni kweli, na Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyekusanya kumbukumbu zao kwa miaka mingi, hakukana. Kitabu chake cha mwaka 2001 kinawaita Bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Neno baba linaeleza yote mawili, malezi na kamba. Ukumbi wa cercle ulipangwa kwa cheo: karani hakukaa na mchimbaji, na aliyeachishwa kazi alipoteza kiti pamoja na nyumba. Kampuni ilitoa kuta, taa na bia. Wimbo, kichekesho, mtindo wa kucheza na lugha vililetwa na waliokaa ndani. Ushahidi wangu ni mwepesi kuupima: baba alipoondoka, kuta zilichakaa, lakini watu hawakunyamaza.

Naye aliondoka kweli. Mwaka 1967 Union Minière ilitaifishwa na baadaye ikawa Gécamines. Chini ya Rais Mobutu ngoma za kazini zikageuzwa kusifu chama chake cha siasa. Mwaka 1993 mgodi wa Kipushi ukasimama. Miaka kumi baadaye Gécamines ikawaachisha kazi watu zaidi ya 10,000 kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Hata hivyo mji haukunyamaza: tangu mwaka 2008 Lubumbashi ina tamasha la sanaa la Picha.

Pingamizi la pili ni la maadili. Wapo watakaosema usiku huu umevunja nyumba nyingi, umemeza mishahara, na lutuku, pombe kali ya kienyeji, imepofusha na kuua. Hilo nalikubali bila kupunguza neno. Lakini lutuku ilishamiri kwa sababu pombe halali ilikatazwa au ilikuwa ghali, na mwanamke aliyeipika mara nyingi alikuwa akisomesha watoto ambao mshahara wa mgodi haukuwafikia. Dawa ya usiku mbaya haikuwahi kuwa giza. Penye bendi, tamthilia, mechi na mahali pa familia kukaa, chupa hupata washindani. Palipobaki baa peke yake, chupa hutawala.

Kwa sababu hiyo ushauri kwa mgeni hauwezi kutenganishwa na historia. Asalimie kwa Kiswahili, kwani huku Katanga hicho ndicho lugha ya mitaa, na Kifaransa pekee humweka mtu mbali. Akiwa Lubumbashi afike Kamalondo, iliyokuwa komini ya Albert, hasa siku ya mechi, na Kenya ambako Jecoke walianzia. Aende na mwenyeji. Aonje munkoyo, kinywaji cha kienyeji, kabla ya bia ya Simba, ale bukari, yaani ugali, kwa mkono pamoja na nyama ya kuchoma. Abebe noti ndogo za faranga, na dola ambazo hazijachanika wala kuandikwa, kwani iliyochanika haipokelewi. Asipige picha za mgodi, mpaka wala askari. Usafiri wa kurudi Lubumbashi autafute kabla ya giza, na saa yake airekebishe: Katanga iko saa moja mbele ya Kinshasa. Miezi ya Juni na Julai abebe sweta, maana nyanda hizi ziko juu ya mita 1,200 na usiku wake una baridi ya kweli.

Lakini kwa wenyeji ushauri ni mmoja. Mgodi umerudi, na kampuni mpya itaombwa barabara, maji na shule, kama inavyostahili kuombwa. Ikiombwa pia ukumbi, isiachiwe kuamua utachezwa nini humo. Waliocheza kwenye cercle za Kipushi kabla ya 1993 bado wapo, na kila mwaka wanapungua. Majina ya bendi zao, nyimbo walizotunga na picha zilizo kwenye masanduku yao zikusanywe sasa, kwa Kiswahili chao, na vijana wao wenyewe. Mababu walichanga senti ili mgeni aliyeshuka kwenye treni asizikwe peke yake. Sisi tunatakiwa kuchanga kidogo tu, ili wao wasisahauliwe.