Karne ya Jiji la Nairobi: Tuhesabu Tangu Lini, na Nani Aitwe

Tarehe 30 Machi 2050 Nairobi itatimiza miaka 100 tangu ilipopewa hati ya kuwa jiji. Wanachama kadha wametaka chama chetu kiunde halmashauri ndogo ya kuitengeneza sherehe hiyo pamoja na watu wa mitaa, nasi wa ofisi tumeagizwa tuandike katika taarifa ya mwaka huu habari za mambo yaliyopita, ili wajumbe watakapokutana wasianze gizani. Huenda wako watakaotucheka kwa kutandika mkeka mapema hivi, ilhali mgeni bado yu mbali. Lakini ngoma na mahema hupatikana kwa wiki moja, mashahidi hawakodiwi. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 siku ile ya 1950 sasa amepita miaka 80, na kila taarifa ya chama ina ukurasa wa majina ya wazee waliotutoka.

Jambo la kwanza litakaloikabili halmashauri ni hesabu ya miaka, nalo si dogo kama linavyoonekana. Mji huu una siku nyingi za kuzaliwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwezi wa Mei 1899. Mwaka uo huo makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa, naye Bwana John Ainsworth akaileta ofisi ya jimbo la Ukamba kutoka Machakos. Mwaka 1900 zikatolewa sheria za mji, na mpaka wake ukawa duara lenye upana wa maili moja na nusu kutoka katika ofisi hiyo kila upande. Mwaka 1919 mji ukawa manispaa, na mwaka 1950 ukawa jiji. Waliozitengeneza sherehe za 1950 walihesabu tangu 1900, wakasema mji umetimiza miaka 50. Wanaohesabu tangu reli husema karne ilikwisha kutimia mwaka 1999. Kila mmoja ana haki kwa hesabu yake.

Ila tuangalie vema. Tarehe zote hizo ni za ofisi na za karatasi. Hakuna hata moja inayowahesabu Wamaasai waliokuwa wakiwanywesha ng'ombe wao katika maji haya baridi, na jina la Nairobi kwa lugha yao maana yake ni hiyo. Wala Wakikuyu wa Dagoretti na Kabete, ambao misafara ya kwenda Uganda ilinunua chakula kwao kabla filimbi ya gari la moshi haijasikika. Katika mwaka 1904 mapatano yalifanywa, na Wamaasai wakahamishwa kutoka sehemu kubwa ya malisho yao ya Bonde la Ufa. Hatusemi kwamba tarehe ya hati iachwe. Siku moja sharti ichaguliwe, la sivyo hakuna sherehe. Twasema tu kwamba halmashauri itakapoichagua, ijue kwamba inachagua pia ni nani atakayeitwa mwenyeji na ni nani atakayeitwa mgeni.

Mwaka 1950 ndio wenye mafundisho mengi kwetu. Hati ya Mfalme George wa Sita ililetwa na nduguye, Duke wa Gloucester, na sherehe ikaandaliwa kwa fahari. Katika hesabu ya watu ya 1948 Nairobi ilikuwa na watu karibu 119,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa Waafrika. Hata hivyo katika baraza la mji Wazungu ndio waliokuwa wengi, na Waafrika waliokaa humo walikuwa wachache mno, nao waliteuliwa. Hawakupigiwa kura na watu wa mitaa. Huko kwenye mitaa vyumba vilikuwa haba, watu wakilala wengi katika chumba kimoja, na mwanamume Mwafrika hakuthubutu kutoka nje pasipo kipande chake. Mtu wa namna hiyo akaambiwa kwamba mji wake sasa umepandishwa cheo.

Wakati huo ulikuwako Umoja wa Vyama vya Wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki, ambao rais wake alikuwa Fred Kubai na katibu mkuu wake Makhan Singh. Umoja huo uliwaambia wafanyakazi wasihudhurie. Hoja yao ilikuwa wazi: Nairobi ya matajiri ndiyo iliyopata cheo, na Nairobi ya maskini imebaki vile vile, basi hao maskini wafurahie nini? Tena ilivuma habari kwamba mpaka wa jiji utasogezwa mpaka umeze mashamba ya Kiambu, na katika nchi ambayo watu walikwisha kunyang'anywa ardhi mara nyingi, uvumi kama huo hauhitaji msukumo. Watu wengi walisusa. Tarehe 15 Mei viongozi hao wawili wakakamatwa, na siku ya pili yake mgomo mkubwa ukaanza, ukaendelea kwa zaidi ya wiki moja. Wafanyakazi walidai wenzao waachiliwe na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh hakuwa huru tena mpaka 1961. Meya wa kwanza Mwafrika, Bwana Charles Rubia, alipatikana mwaka 1962, yaani miaka 12 baada ya hati.

Si haki kusema kwamba waliosusa waliuchukia mji. Waliujenga, wakaufagia, wakaupikia, wakazaa humo. Kadhalika si haki kuwatukana Waafrika waliokwenda siku ile wakiwa wamevaa koti na tai, wakiamini kwamba kiti kimoja ndani ya baraza ni bora kuliko kusimama nje ya mlango. Katika chama hiki wamo watoto na wajukuu wa hawa na wa wale, na hukaa katika benchi moja siku ya mkutano mkuu. Hapo ndipo penye kazi ngumu ya halmashauri. Ikiandika habari za hati na kunyamaza juu ya mgomo, nusu ya wanachama wataona wazee wao wamefutwa. Ikiandika habari za mgomo peke yake, nusu ya pili wataona wazee wao wameitwa wasaliti. Maoni yetu ni kwamba yote mawili yasomwe mbele ya watu, kwa sauti moja na siku moja.

Kosa la waliotengeneza sherehe za 1950, kwa kadiri tunavyolitazama, halikuwa katika fahari. Watu wetu hupenda fahari, na mwenye kubisha na aitazame harusi yoyote ya Pumwani. Kosa lilikuwa kuwaita watu waje kula wakati chungu kimekwisha kupakuliwa.

Basi tukiwauliza watu wa mitaa kwanza, tutapata nini? Twatoa mifano michache tu. Kariokor jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa Vita ya 1914 hadi 1918, vijana waliochukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi kuelekea Tanganyika, na wengi mno hawakurudi. Sanamu yao, pamoja na ya askari, ilisimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, na watu hupita chini yake kila siku wasiinue macho. Kibera ilianza kwa askari Wanubi waliotumikia jeshi. Pangani ya zamani, kijiji cha Waafrika kilichokuwa na misikiti na maduka yake, ilibomolewa mwaka 1939, na watu wakapelekwa Shauri Moyo. Husimuliwa kwamba jina la mtaa huo ni jibu la watu walipoulizwa kama watahama: ni shauri la moyo. Twalipenda jina hilo, maana halikuandikwa na ofisi yoyote.

Wanawake nao wasiachwe nyuma kuandaa chai. Katika Pangani na Pumwani wengi miongoni mwa wenye nyumba walikuwa wanawake, waliojenga kwa fedha zao wenyewe. Na tarehe 16 Machi 1922, watu walipokusanyika mbele ya kituo cha polisi kutaka Harry Thuku aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru ndiye aliyewatangulia wanaume waliokuwa wakisitasita, akauawa pale pamoja na watu wengine zaidi ya 20. Kama Machi ya 2050 itakuwa na sherehe, basi mwezi huo huo una kumbukumbu yake nyingine, kongwe kuliko hati, na halmashauri haina budi kuamua jinsi ya kuziweka pamoja.

Wenzetu wa Kisumu walitangulia. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na stesheni ikaitwa Port Florence. Lakini mji haukulichukua jina hilo, ukabaki na jina la wenyeji, ambalo husemwa latokana na mahali pa kubadilishana vyakula wakati wa njaa. Mwaka 2001 wakaadhimisha karne yao, na mwaka huo huo Kisumu ikafanywa jiji. Yafaa wajumbe wetu wawili watumwe huko kuuliza yaliyofaulu na yaliyogharimu fedha bure.

Pendekezo letu kwa mkutano mkuu ni hili. Halmashauri iwe na watu tisa: wazee watatu, wanawake watatu na vijana watatu, wasitoke wote katika mtaa mmoja wala kabila moja, na karani mmoja asiye na kura. Mwaka wake wa kwanza usitumike kuomba fedha kwa mtu yeyote, utumike kusikiliza. Kila Jumamosi mzee mmoja atembelewe nyumbani kwake, maneno yake yaandikwe na sauti yake inaswe, kisha asomewe yaliyoandikwa kabla hajatia sahihi au dole gumba. Jiji lililokuwa na watu karibu 119,000 lilihesabiwa kuwa na watu 4,397,073 mwaka 2019, na wengi wao hawajapata kusikia kwamba Pangani ilipata kubomolewa.

Wenye picha za zamani, vipande, kadi za vyama vya wafanyakazi, stakabadhi za kodi ya nyumba au mialiko ya sherehe ya 1950 waombwa wavilete ofisini siku yoyote ya kazi. Vitanakiliwa mbele ya mwenyewe, na mwenyewe atarudi navyo nyumbani siku ile ile.