Uwanja wa Farasi wa Konstantinopoli

Tarehe 11 Mei 330 Kaisari Konstantino alizindua mji mkuu wake mpya, na shamrashamra zikahamia uwanja wa mbio za farasi. Septimius Severus ndiye aliyeuanza, zaidi ya karne moja nyuma. Konstantino aliupanua, akaushikamanisha na ikulu, akawa anatoka kwake na kuketi jukwaani bila kukanyaga barabara. Tangu hapo mji ulisherehekea kuzinduliwa kwake kila mwaka kwa mbio.

Magari yalikokotwa na farasi wanne, mizunguko saba. Rangi za ushabiki zilikuwa nne, zilizotamba mbili: Buluu na Kijani. Zilimiliki farasi, zikalipa waendeshaji, wachezaji na hata watunza dubu. Mmoja wa hao, wa Kijani, alifariki akaacha mjane na mabinti wadogo. Mwanahistoria Procopius anasimulia kwamba mama aliwaleta uwanjani na mashada vichwani kuomba riziki. Kijani wakawapuuza, Buluu wakawapokea. Mmoja wa mabinti hao, Theodora, alikuja kuwa malkia, na upande aliouunga mkono haukuhitaji kuulizwa.

Hapa ndipo mchuuzi na mvuvi walipoweza kumpigia Kaisari kelele ana kwa ana. Kwa maoni yangu, uwanja huu ulikuwa na uzito kuliko baraza lolote la mji ule. Januari 532, mashabiki wawili, mmoja wa kila rangi, walinusurika kunyongwa pale mti wa kunyongea ulipovunjika. Kaisari Justinian, mume wa Theodora, akakataa kuwasamehe. Mahasimu wakaungana wakipaza sauti "Nika!", yaani shinda, mji ukawaka moto, mtu aitwaye Hypatius akatangazwa Kaisari mpya, kisha akaketishwa kwenye jukwaa la kifalme uwanjani. Justinian aliwaza kutoroka, Theodora akagoma. Ndipo majemadari Belisarius na Mundus walipoingia uwanjani na askari. Procopius anataja waliouawa kuwa zaidi ya 30,000.

Kati ya waendeshaji alikuwako pia Porphyrius, bingwa aliyeshindia rangi zote mbili, akasimamishiwa sanamu angali anashindana, heshima isiyo ya kawaida. Siku nyingine alishinda, akabadilishana farasi na mpinzani aliyeshindwa, akashinda tena. Vitako viwili vya sanamu zake viko makumbushoni Istanbul, jina la leo la mji huo.

Mwaka 1204 wapiganaji wa msalaba waliuteka mji na kuupora. Farasi wanne wa shaba, wanaoaminika kuwa wa uwanja huu, walipelekwa Venice. Walioko nje ya kanisa la Mtakatifu Marko leo ni nakala. Wa asili wamehifadhiwa ndani.