Vitabu vya Kupaka Rangi vya Watu Wazima: Vilikotoka, na Namna ya Kuchagua Chako



Mwanamke mtu mzima akikaa na kitabu cha picha za kupaka rangi, hakosi mtu wa kumwambia amerudi skuli ya maandalizi. Ana watoto, ana mume, ana biashara, halafu amekaa anapaka maua rangi! Maneno hayo huwarudisha nyuma wengi, na wengine hununua kitabu wakakificha chini ya mto kama kitu cha aibu.

Leo nataka tuitazame historia, maana ndiyo yenye jibu. Kupaka rangi picha zilizochorwa na mwingine kulikuwa shughuli ya watu wazima kabla hakujapewa watoto. Baadaye kulikuwa kazi ya kijungujiko ya wanawake maskini. Kisha watoto wakakabidhiwa, na miaka hii kumerudi kwetu. Ukiijua njia hiyo, utajua pia fedha yako uiweke wapi unapokwenda kununua kitabu na rangi.

London, miaka ya 1760

Zamani mashine za kuchapa zilitoa wino mweusi tu. Ukitaka picha ya rangi, ilibidi mtu aipake kwa mkono. Huko London alikuwepo mchapishaji na muuza picha aliyeitwa Robert Sayer. Kwenye mwaka 1760 hivi alitoa kitabu kilichoitwa The Florist, chenye picha 60 za maua zilizopangwa kufuata majira ya kuchanua kwake. Maua yalichapwa kwa mistari tu, na pembeni kukawa na maelezo ya rangi ya kila ua na namna ya kuipaka. Wanunuzi walikuwa mabibi na mabwana wenye nafasi.

Wakati huo kupaka rangi kulikuwa na usumbufu, kwani rangi ilisagwa na kuchanganywa na gundi ya mti kila ulipotaka kuitumia. Ndugu wawili wa hapo hapo London, William na Thomas Reeves, wakatengeneza rangi za maji katika vipande vidogo vigumu mfano wa sabuni. Unalowesha brashi, unasugua kidogo, unapaka. Mwaka 1781 jumuiya ya Society of Arts ikawapa tuzo kwa ubunifu huo. Tangu hapo mwanamke angeweza kuwa na kisanduku cha rangi juu ya meza yake bila kuchafua nyumba nzima. Hata vile visanduku vya rangi za maji tunavyowanunulia watoto leo ni wajukuu wa vipande vile.

Rangi iliyokuwa kibarua

Karne ya 19 ilipoingia, picha zilitakiwa kwa maelfu, na kazi ya kuzitia rangi ikawaangukia wanawake. Kule New York, kampuni ya Currier & Ives iliwaweka wanawake kwenye meza ndefu. Picha iliyokamilika iliwekwa mahali wote waione, na kila mmoja akashika rangi moja tu: huyu buluu ya mbingu, yule kijani ya miti, mwingine nyekundu ya nguo. Karatasi inapita mkononi hadi mkononi mpaka imalize.

Mfano unaonigusa zaidi mimi ninayeshona ni wa gazeti la wanawake la Philadelphia, Godey's Lady's Book, lililoanza mwaka 1830. Kila toleo lilikuja na picha za mitindo ya magauni, na inasemekana kuna wakati liliajiri wanawake wapatao 150 kuzipaka rangi kwa mkono. Ikawa nakala hazilingani: gauni ambalo kwa bibi huyu ni la zambarau, kwa jirani yake ni la kijani. Gazeti likajitetea kwamba hivyo ndivyo vizuri, wasomaji walinganishe waone rangi ipi inamfaa nani. Mafundi wenzangu mtacheka, kwani utetezi wa namna hiyo tunaujua.

Lakini kazi ya rangi iliua pia. Mwaka 1775 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alipata rangi ya kijani kali yenye sumu ya aseniki ndani yake, na mwaka 1814 ikatoka nyingine iliyokoza zaidi, nayo ya aseniki. Watu waliipenda sana, wakaipaka kutani, kwenye nguo na kwenye maua ya bandia. Mwaka 1861 msichana wa London wa miaka 19, Matilda Scheurer, alifariki baada ya muda mrefu wa kunyunyizia unga wa kijani kwenye majani ya maua ya bandia. Mabibi waliyavaa kichwani kwenye sherehe, na aliyeyatia rangi akafa kwa sumu.

Kwa hiyo kabla hatujasema kupaka rangi ni mchezo wa mtu asiye na kazi, tukumbuke kwamba wapo wanawake waliopaka rangi siku nzima bila hata picha moja kuwa yao. Sisi tunaoweza kukaa nusu saa tukachagua rangi tuitakayo, kwa ua tulitakalo, tumepata neema ambayo wao hawakuipata.

Watoto, kisha wakubwa tena

Mashine za kuchapa rangi zilipoenea, wapakaji wa mkono hawakuhitajika tena. Picha za mistari mitupu zikahamia kwa watoto. Mwaka 1879 hivi, kampuni ya McLoughlin Brothers ya New York ilitoa kitabu cha watoto kupaka rangi kilichopendwa sana, The Little Folks' Painting Book, chenye michoro ya Kate Greenaway wa Uingereza. Mwaka 1903 Binney & Smith wakaanza kuuza kreyoni za Crayola, boksi la rangi nane kwa senti tano. Jina hilo lilitungwa na Alice Binney, mwalimu, mke wa Edwin Binney mwenye kampuni. Hapo ndipo dunia ikazoea kwamba kupaka rangi ni kwa watoto.

Wakubwa walirudi kwanza kwa kejeli. Mwaka 1961 Marekani ilipata kitabu cha kupaka rangi kilichowacheka mabwana wa maofisini, na mwaka 1962 kikaja kilichomtania Rais Kennedy. Watu walinunua wacheke. Halafu vikaja vya elimu: mwaka 1977 kilitoka The Anatomy Coloring Book cha Wynn Kapit na Lawrence Elson, ambacho mwanafunzi hupaka misuli, mifupa na mishipa huku akijifunza majina yake. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanakitumia mpaka leo. Binti yako akisomea afya, mnunulie hicho na hakuna atakayemwambia anacheza.

Bustani ya kisiwani

Wimbi la sasa lilianzia Scotland. Johanna Basford alikuwa mchoraji wa kalamu na wino mweusi. Mchapishaji wa London, Laurence King, alimtaka achore kitabu cha kupaka rangi cha watoto, yeye akaomba afanye cha watu wazima. Babu yake alikuwa mkuu wa watunza bustani katika kasri la Brodick, kwenye kisiwa cha Arran, na bustani ile ya utotoni ndiyo iliyompa michoro ya kitabu chake, Secret Garden. Kilitoka mwaka 2013, na kufikia 2015 kilikuwa kimeuza zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 2016 kiwanda cha Faber-Castell cha Ujerumani, kinachotengeneza penseli tangu 1761, kililazimika kuongeza zamu za kazi kwa sababu ya wakubwa waliokimbilia penseli za rangi.

Mandala, miraba na nyota zetu

Ukienda kununua utakuta vitabu vingi vimeandikwa mandala. Dada Muislamu ana haki ya kujua neno hilo limetoka wapi. Ni la Kisanskriti, na michoro hiyo ya duara ina nafasi katika ibada za Wahindu na Wabudha. Daktari wa nafsi wa Uswisi, Carl Jung, ndiye aliyeiingiza katika matibabu ya Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20.

Je, bila mandala utulivu haupatikani? Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Curry na Kasser, waliwachukua wanafunzi 84 wa chuo, wakawatia wasiwasi kidogo, kisha wakawagawa. Wengine walipaka mandala, wengine mchoro wa miraba kama kitambaa cha drafti, wengine wakapewa karatasi tupu. Wasiwasi ulipungua kwa waliopaka mandala na kwa waliopaka miraba karibu sawasawa, kuliko kwa wenye karatasi tupu. Utafiti mwingine wa 2012 uliona mandala imeizidi miraba. Ninavyouelewa mimi, kinachosaidia ni mchoro wenye mpangilio na wenye kuushika moyo, na mpangilio huo hata kwetu upo.

Kwenye makumbusho ya Topkapi, Istanbul, limehifadhiwa gombo la mafundi wa Kiislamu wa karne ya 15 au 16, la urefu wa karibu mita 30, lenye michoro 114 ya nyota na pembe zilizofungamana. Na karibu zaidi, katika mji wa Siyu, kisiwa cha Pate, waandishi wa karne ya 18 na 19 walinakili misahafu wakaipamba kingo zake kwa wino mweusi, mwekundu na manjano. Wazee wetu walijua subira ya kujaza nafasi ndogo kwa rangi, kurasa kwa kurasa, nao wakaifanya kwa ajili ya maneno ya Mwenyezi Mungu.

Kuhusu picha za viumbe wenye roho, wanazuoni wamelizungumza sana na kila mmoja ana mwalimu wake wa kumuuliza. Ila maua, matawi, nyota na majengo yapo tele, huhitaji kununua kitu kinachokutia shaka moyoni.

Sasa tuchague

*Karatasi kwanza.* Karatasi ya kawaida ya kutolea kopi ni ya gramu 80. Hiyo inafaa penseli tu. Ukipenda makapeni, tafuta kitabu cha gramu 120 au zaidi, tena kilichochapwa upande mmoja, vinginevyo wino utapenya na kuharibu picha ya nyuma. Jaribu rangi zako kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya kuanza, na weka kipande cha manila chini ya ukurasa unaoupaka.

*Ukubwa wa nafasi.* Michoro myembamba sana inapendeza dukani, lakini usiku kwa taa hafifu itakuumiza macho. Anza na nafasi pana. Chagua kitabu kinacholala wazi chenyewe bila kukishikilia.

*Penseli za rangi.* Ndani yake mna rangi ya unga iliyoshikanishwa kwa nta au mafuta. Za nta ni laini na hufunika vizuri; za mafuta ni ngumu kidogo na hushika ncha kwa picha ndogo ndogo. Faber-Castell walitoa Polychromos zao za mafuta mwaka 1908, na Caran d'Ache wa Geneva wakatoa mwaka 1931 penseli inayoyeyuka kwa maji, ukipitisha brashi inakuwa rangi ya maji. Huhitaji za bei hiyo ili kuanza. Ila chukua 24 zilizo nzuri kuliko 72 ngumu zinazokwaruza karatasi, kwani ukipaka manjano juu ya buluu kijani utaipata mwenyewe. Nunua na kichongeo chenye makali, na usiziangushe: penseli ikianguka huvunjika kwa ndani, kila ukichonga inadondoka.

*Makapeni.* Kalamu hizi za ncha laini zilianza Japani mwaka 1962, kazi ya Yukio Horie wa kampuni ya Pentel. Rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, kama ile tunayochemshia ukindu, kwa hiyo inang'aa lakini jua huipausha haraka. Picha unayotaka kuitundika ukutani ipake kwa penseli. Funga vifuniko barabara, maana joto letu hukausha.

*Kreyoni.* Usiziache dirishani au ndani ya gari, zitalainika.

*Usalama.* Nyumba yenye watoto wadogo, tafuta boksi lenye alama ya EN 71, kanuni ya Ulaya ya vitu vya kuchezea, ambayo huweka mipaka ya madini yenye sumu, aseniki ikiwemo. Mkumbuke Matilda kila unaponunua rangi isiyo na maandishi yoyote.

Na kama fedha haipo, chukua karatasi uchore pindo la kanga yako mwenyewe, korosho zake na nyota zake, kwa kalamu nyeusi. Peleka steshenari utoe kopi kadhaa. Hicho ni kitabu chako, na hakuna duka la London linalokiuza.

Dini yetu imetufundisha kuithamini faragha kabla shughuli hazijatuzonga. Kazi zikiisha na sala ikiwa imesaliwa, nusu saa ya rangi haimdhulumu mtu. Akipita wa kukucheka, mpe penseli moja akae. Mwenyezi Mungu atujaalie utulivu wa nyoyo na baraka katika wakati wetu. Amin.

Wassalaam.