Wekesa wa Nani?

Kifurushi kilitoka Bungoma asubuhi, kikapita Webuye, Kamukuywa na Kiminini juu ya matatu, kikafika Kitale kabla ya saa sita. Kilikuwa katoni ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa matundu ubavuni, na ndani yake jogoo. Juu yake mama alikuwa ameandika kwa wino mzito: WEKESA, KITALE. Nambari ya simu pia ilikuwepo, ila mvua ya njiani ilikuwa imefuta tarakimu tatu za mwisho. Nilipokwenda kuchukua mzigo nikamkuta mwanamume mwingine ameinamia katoni ileile, naye ni Wekesa, naye anangoja kuku kutoka kwao. Kijana wa mizigo alitutazama kwa zamu, kisha akauliza: "Mzee, wewe ni Wekesa wa nani?"

Watu wawili wasiojuana, wenye jina moja, tuwaiteje kwa Kiswahili? Wanaosomea tafsiri wengi hukimbilia neno homonimu, na asili yake inawapa haki kidogo. Limetoka Kigiriki: homos ni "sawa", onoma ni "jina". Aristotle alianza kitabu chake cha Kategoria kwa kueleza vitu vya namna hiyo, vinavyoshiriki jina huku maelezo ya kila kimoja yakiwa mbali na ya mwenzake. Lakini siku hizi neno hilo limehamia kwa wanaisimu, na huko linahusu maneno. Mfano ninaoupenda ni Simiyu. Kwetu Bungoma, Simiyu ni mwanamume aliyezaliwa wakati wa kiangazi. Tanzania, Simiyu ni mto, na tangu 2012 ni mkoa pia, makao makuu yake Bariadi. Umbo moja, habari mbili zisizokutana: hiyo ni homonimu safi. Kumwita binadamu homonimu, hata hivyo, ni sawa na kumkaribisha mgeni kwa kumwita nomino.

Lipo neno somo. Pwani mtu humwita mwenye jina lake "somo yangu", na masikio ya bara hushtuka kidogo, maana somo tulilozoea ni la darasani. Sarufi hututoa shakani: somo langu ni la hesabu au jiografia, somo yangu ni mtu. Lakini somo lina uzito ambao yule jamaa wa katoni hakustahili. Ndilo jina la kungwi anayemfunda mwari, ndilo la rafiki wa chanda na pete, na mtoto aliyepewa jina la bibi yake huwa somo wa bibi huyo. Kuna kifungo humo. Kwetu sisi Wabukusu kifungo hicho kinajulikana vizuri. Mtoto akilia bila kunyamaza, wazee hutaja majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na jina analonyamazia ndilo lake. Huyo na marehemu wake ni somo kwelikweli. Mimi na jamaa wa kuku tulifanana kwa sababu mama zetu walijifungua wakati wa mavuno, basi.

Kwa hali kama yetu, neno ni wajina. Ukilikata unapata "wa" na "jina", na sioni kama Wagiriki walifanya kazi bora kuliko hiyo. Umoja na wingi havibadiliki: wajina wangu mmoja, wajina wangu kumi. Kinachonishangaza ni kwamba Kitale na Bungoma, ambako neno hili lina kazi nyingi kuliko mahali pengi, hulisikii sana. Watu husema tu "sisi ni jina moja".

Kazi hiyo nyingi imetokana na kalenda. Majina mengi ya Kibukusu ni ya misimu: Wafula na Nafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Wanjala na Nanjala wa njaa, Wanyonyi na Nanyonyi wa palizi. Barasa alizaliwa siku ya baraza. Wamalwa ana pombe katika jina lake. Misimu ni michache na watoto ni wengi, kwa hiyo kila mwaka wajina wapya huongezeka. Emmanuel Wanyonyi, mzaliwa wa Trans Nzoia, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 mjini Paris mwaka 2024 kwa dakika 1 na sekunde 41.19, akimpita Marco Arop wa Kanada kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Usiku ule dunia ilimjua Wanyonyi mmoja tu. Ungeliita jina hilo kwa sauti katika soko la Kitale, wangegeuka wengi.

Mfano mzito zaidi ni wa akina Masinde. Wote wawili walitoka Kimilili. Elijah Masinde alicheza kandanda hadi timu ya Kenya, kisha akaongoza Dini ya Msambwa. Serikali ya kikoloni ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na baada ya wafuasi wa dini yake kupigwa risasi Malakisi mwezi Februari 1948, ikamweka kizuizini kwa zaidi ya miaka kumi. Alifariki 1987. Masinde wa pili, Masinde Muliro, alizaliwa 1922, akasomea Chuo Kikuu cha Cape Town, akaingia Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa 1957, akawa nguzo ya chama cha KADU na baadaye ya vuguvugu la vyama vingi. Alifariki Agosti 1992 akiwa amerejea Nairobi kutoka London. Uwanja wa Kanduyi na chuo kikuu cha Kakamega vina jina lake. Nabii mmoja, mwanasiasa mmoja, na kijana wa leo akisikia "Masinde" huenda akawachanganya. Wazee hawachanganyi. Wa kwanza humwita Masinde wa Nameme, na hapo hakuna tena la kuuliza.

Hiyo "wa Nameme" ina istilahi yake, au inastahili kuwa nayo. Wapo wanaotafsiri kazi hiyo ya kutenganisha majina kuwa "uondoaji utata". Sikubaliani nao, kwa sababu utata hauondoki: Masinde wawili wangali Masinde wawili. Kinachofanyika ni kumbainisha kila mmoja. Nasema tuiite ubainishaji, na lile neno linaloongezwa tuliite kibainishi.

Magazeti ya Kenya hubainisha kwa njia nyingine, nadhani bila hata kukusudia: huchukua jina lililo adimu. Aliyesimamia uchaguzi wa 2022 akiwa mwenyekiti wa tume alikuwa Wafula Chebukati, na vichwa vya habari vilimwita Chebukati. Waziri wa Afya aliyeteuliwa mwaka huohuo alikuwa Susan Nakhumicha Wafula, naye akawa Nakhumicha. Wote wawili wametoka Trans Nzoia, majina yao yote yana Wafula, na ni wasomaji wachache waliowahi kuwaona kama wajina. Kwa akina Wamalwa mbinu hiyo iligoma. Michael Kijana Wamalwa, Makamu wa Rais aliyefariki Agosti 2003, na mdogo wake Eugene walikuwa na jina la baba yao. Chris Wamalwa Wakhungu, aliyekuwa mbunge wa Kiminini, Wamalwa ni jina lake mwenyewe, na Wakhungu ndilo linalofuata. Nafasi tu ndiyo tofauti, na nafasi haisikiki mtu akitaja neno moja redioni. Hapo jina la kwanza ndilo lililobeba mzigo. Hata "Kijana", neno la Kiswahili ambalo kila nyumba inalitumia, likawa kibainishi kisichokosea.

Tukirudi kwa jogoo: mwenzangu alisema wake ni mwekundu, nami sikujua wangu ni wa rangi gani, kwa hiyo akaondoka naye. Katoni yangu ilifika jioni kwa gari la pili, ikiwa na jogoo mweupe na nambari ya simu isiyo yangu. Nilipiga. "Wajina," akasema, huku nikisikia sufuria nyuma yake, "huyu wako tumeshamchinja, wewe mchinje huyo wangu."

Tangu hapo mama haandiki Wekesa peke yake. Katoni ya mwisho ilikuwa na mistari minne: WEKESA. WA NASIMIYU. MREFU, ANA MIWANI. SI YULE MWINGINE.