Posho, Zaire na Uzee wa Mahagi

Dhahabu ilionekana upande wa Kilo, huko Ituri nchini Kongo, mwaka 1903, na haukupita muda mrefu vijana wa Kialur wakaanza kushuka kutoka milima ya Mahagi kwenda kuchimba. Malipo yao hayakuwa fedha peke yake. Kampuni ya mgodi iliwapa nyumba kambini, posho ya chakula na matibabu, kisha faranga chache juu yake. Mkataba ulipokwisha, vyote vilikatika kwa pamoja. Mtu alirudi kwao na nguo zake, pengine na baiskeli, na uzee wake ukawa mzigo wa shamba na watoto. Mpango huo uliwafaa sana wenye mgodi: kijiji kilimkuza mfanyakazi, kijiji kikampokea akichoka, wao wakalipia miaka ya nguvu tu.

Waajiriwa wa Kizungu walikuwa na mfuko wao wa uzeeni tangu miaka ya 1940. Mfanyakazi Mwafrika alisubiri hadi dekreti ya tarehe 6 Juni 1956, iliyoamuru kwa mara ya kwanza awekewe akiba ya pensheni. Ilikuja imechelewa, maana miaka minne baadaye ukoloni wenyewe ulikuwa unafunga virago. Na hapo pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Tarehe 16 Juni 1960, wiki mbili kabla ya uhuru, Ubelgiji ilitoa sheria ya kuweka mifuko ya waajiriwa wale wa kikoloni chini ya dhamana ya serikali ya Ubelgiji. Karani aliyerudi Brussels alikuwa na hakika ya uzee wake. Mchimbaji aliyerudi Mahagi alibaki na ahadi ya taifa ambalo lilikuwa halijazaliwa.

Taifa hilo lilijitahidi. Tarehe 29 Juni 1961, katikati ya misukosuko, liliunda INSS, taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, na michango ya kazi za kampuni ikaelekezwa huko. Mwanamume alistahili pensheni akifika miaka 65, mwanamke 60. Mshahara ukishuka kuwa pensheni, aliyestaafu alipoteza pia nyumba ya kampuni na ile posho, vitu ambavyo havikuwahi kuandikwa kwenye karatasi kama mshahara. Hata hivyo, kilichobaki kilikuwa fedha ya kununulia kitu. Fedha ya zaire ilipoanza kutumika mwaka 1967, moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani.

Kisha fedha yenyewe ikaoza. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani; mwaka uliofuata bei zilipanda kwa karibu asilimia 9,800. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ni zaire bilioni 300 za mwaka 1967. Mzee aliyekatwa michango kwa uaminifu miaka ishirini hakuibiwa na mtu anayeweza kumtaja. Hesabu yake ilifutwa tu. Hata Mahagi, ambako shilingi ya Uganda ilikuwa ikipita mkono kwa mkono sokoni, pensheni ilihesabiwa kwa fedha ya Kinshasa. Aliyekuwa amepanda kahawa aliizidi INSS kwa kila hali.

Kwa walimu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Serikali iliposhindwa kuwalipa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi walianza kutoa "prime", yaani malipo ya nyongeza, ili madarasa yasifungwe. Fedha hiyo ilimlisha mwalimu, lakini haikuwa mshahara wa serikali, na siku ya kustaafu haikumfuata nyumbani. Hata zile prime ambazo serikali yenyewe iliwalipa watumishi wake mara nyingi zilipita mshahara wa msingi, na pensheni iliangalia ule wa msingi. Ndiyo maana wazee wenye mvi wameng'ang'ania chaki. Wengine huwaita wakaidi. Mimi naona wamejua kuhesabu.

Sheria mpya ya mwaka 2016 ilibadilisha mambo kwa kazi za kampuni. INSS ikawa CNSS mwaka 2018, na mchango wa pensheni ukawa asilimia 10 ya mshahara, nusu kwa mfanyakazi, nusu kwa mwajiri. Watumishi wa serikali wana mfuko wao, CNSSAP, ulioundwa mwaka 2015. Lakini CNSS inataka angalau miezi 180 ya michango, yaani miaka 15, kabla ya kulipa pensheni ya kila mwezi. Anayepungukiwa hupewa fungu moja na kuagwa. Ukiwa umefanya kazi Ituri, miaka hiyo 15 inaweza kuwa na matobo: vita vya mwaka 1999 hadi 2003, mwajiri aliyefunga ofisi na kuhama, michango iliyokatwa bila kufikishwa. Kwa hiyo mwenye kwenda ofisi ya CNSS mjini Bunia kudai chake hubeba barua ya ajira na kila kipande cha karatasi ya mshahara kilichosalimika, na mazungumzo dirishani huanzia kwenye miezi, kabla ya kiasi cha fedha kutajwa.